Kuishi Kizingo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilizaliwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, nikaolewa Kizingo. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu, lakini siku ya harusi mamangu alilia kama anayenisindikiza Lamu. Hiyo ni miaka ishirini na minane sasa. Wiki haipiti bila mtu kunipigia simu: mstaafu wa Nairobi anayetaka upepo wa bahari, binti aliyepata kazi bandarini, jamaa walio Toronto wanaosema safari hii wanarudi kweli. Wote wanauliza yale yale. Nimechoka kuyarudia, basi haya hapa.

Kizingo hasa ni wapi?

Ni kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mombasa, pale nchi inapojipinda kutoka upande wa Mji wa Kale kuelekea mlango wa bandari ya Kilindini. Kizingo ni pindi, na ukiitazama ramani utaona jina halikutiwa bure. Upande wa bahari kuna Ikulu, mnara wa taa ambao wengi huuita Lighthouse, uwanja wa gofu, na Barabara ya Mama Ngina yenye mibuyu, mpaka unakaribia Feri, kivuko cha Likoni. Upande wa ndani tumepakana na Ganjoni, na mpaka huo hauna jiwe. Madalali huusogeza wapendavyo. Kila mwaka Kizingo yao inakua na Ganjoni yao inapungua.

Kwa nini huku kuna miti mingi na Mji wa Kale hakuna?

Kwa sababu mitaa hii miwili ilijengwa na watu wenye haja tofauti. Mji wa Kale ulijengwa na wafanyabiashara na mabaharia. Nyumba zimesogeleana, vichochoro ni vyembamba ili jua lisifike chini, na kivuli unakipata kwenye ukuta wa jirani. Huku walijenga maofisa wa Kiingereza baada ya nchi kutiwa chini ya ulinzi wao mwaka 1895. Walitaka upepo, walitaka kukaa mbali na mji, na ardhi wakajikatia vipande vipana: nyumba katikati, uwa pande zote nne, miti kuzunguka. Kwenda kazini hawakutembea. Palikuwa na reli nyembamba za vitoroli vilivyosukumwa na watu kwa mikono, na wakubwa walikuwa na tawi lao la reli mpaka mlangoni.

Lakini usiwape Waingereza sifa zote. Mibuyu ya Mama Ngina ilikuwapo kabla yao. Upande huo wa kisiwa ndiko Wakilindini walikokuwa na mji wao wa kale kabla hawajahamia kwa wenzao wa mji wa Mvita. Hao pamoja na Wachangamwe na Watangana ndio Thelatha Taifa, yaani Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa. Miarobaini, miembe na mikrismasi, ile inayowaka maua mekundu ikifika Desemba, ilipandwa baadaye. Mingine ilipandwa na wazungu, mingine na waliokuja baada ya uhuru: Wahindi, Waswahili, watumishi wa serikali kutoka bara.

Kuna jambo ambalo mgeni halioni anapopita kwa tuktuk akisifu ubaridi. Karibu kivuli chote hiki kimesimama ndani ya nyua za watu. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na kule hata dirisha hulibadilishi bila kuulizwa. Sisi huku mtaa mzima hauna kinga ya namna hiyo. Mkwaju wa jirani yangu upo kwa sababu jirani hajaamua kuukata. Siku akiuza, mnunuzi akija na ramani ya ghorofa kumi, mkwaju umekwisha, na ubaridi wa chumba changu cha kulala umekwenda nao. Hilo nimeliona likitokea mara nne katika barabara yetu pekee.

Nyumba za zamani zikoje kuishi ndani?

Tamu wakati wa kusi, taabu wakati wa kutengeneza. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha kuweza kukaa dirishani na kikombe chako cha chai. Dari iko juu, madirisha yanatazamana ili upepo uingie huku utokee kule, baraza pana mbele, paa la vigae au la mabati. Waliozijenga hawakuwa na kiyoyozi, kwa hiyo nyumba yenyewe waliifanya ipumue.

Matumbawe, hata hivyo, hunywa maji. Ukiupiga ukuta huo saruji na rangi za kisasa, unyevu unakosa pa kutokea. Rangi inavimba kama hamri kwenye mafuta, kisha inabanduka vipande vipande. Kwetu alikuja fundi mmoja mzee, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. "Nani aliyekutieni saruji hapa?" Hakuna aliyejibu, maana aliyetia alikuwa bamkwe wangu na alikuwa amekaa pale pale. Tukabandua chumba kizima, tukarudishia chokaa. Kazi ilikula wiki tatu na vumbi likaingia mpaka kwenye mchele, lakini ukuta ule hadi leo haujavimba. Ukinunua nyumba ya zamani, mtafute fundi wa chokaa kabla ya fundi wa kutandaza marumaru.

Mbao nazo zigonge zote, boriti, fremu za milango, ngazi. Ikilia kama debe tupu, mchwa wamekutangulia.

Halafu chumvi. Sisi tuko safu ya pili kutoka baharini, na bado bawaba za milango hatuzihesabu tena. Kitasa cha shaba kinageuka kijani, vyuma vya madirisha hupakwa rangi kila mwaka, friji hutoboka kwa nyuma huku mbele inang'aa. Kusi ikishika, pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi kisha ukionje. Wanangu walipokuwa wadogo walikuwa wakishindana nani ataonja dirisha gani.

Nipange au ninunue?

Panga kwanza, mwaka mzima, uionje kaskazi na kusi. Nyumba iliyokupendeza Agosti inaweza kukutoa jasho Machi.

Nyumba nzima za zamani hazitangazwi sana. Zinapatikana kwa mdomo: msikitini, saluni, kwa soja wa getini ambaye anajua nani anahama kabla hata mwenye nyumba hajajua. Maghorofa ndiyo yaliyo mikononi mwa madalali. Usimlipe dalali pesa ya kuonyeshwa nyumba kumi ambazo tisa zina watu. Na ukiombwa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa nyumba mbali na kodi, kwa fleti mpya, cheka kisha uondoke. Kilemba ni mambo ya nyumba za kodi ya zamani kule Mji wa Kale na maduka ya mjini.

Wengine huniuliza kama baraza la kodi za nyumba litawakinga mwenye nyumba akipandisha bei. Sheria ya baraza hilo inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Huku hata banda la gari hulipati kwa bei hiyo. Kinga yako ni mkataba uliouandika, basi uandike vizuri: kodi inapanda kwa kiasi gani, baada ya muda gani, nani anatengeneza pampu.

Nikitaka kununua, hati niziangalieje?

Kwa macho ya mtu aliyewahi kuibiwa. Ajiri wakili wako mwenyewe, si yule "anayewafanyia wote", na kabla ya kutoa hata shilingi ya heshima afanye sachi ya hati katika ofisi ya ardhi.

Ardhi ya Pwani ina historia ndefu na kila kipande kina yake. Nyumba nyingi hapa si milki huru, ni za kukodishwa kwa miaka 99, na miaka hiyo ilianza kuhesabiwa zamani. Unaweza kuuziwa kasri lililobakiwa na miaka kumi na moja. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa raia anayelimiliki nafasi ya kwanza ya kuongezewa muda, lakini hiyo ni nafasi ya kuomba tu. Kama si raia wa Kenya, Katiba ya 2010 haikupi zaidi ya miaka 99 kwa vyovyote, hata kama karatasi ya zamani imeandikwa milki huru.

Kisha urathi. Mzee alikufa mwaka fulani, nyumba haikugawanywa, warithi sasa ni kumi na nne: wawili wako Mombasa, mmoja Maskati, mmoja London, waliobaki hujui. Yule anayekuonyesha nyumba na kukukaribisha sharubati ni mjukuu mmoja tu. Kama mirathi haijapitishwa mahakamani, na msimamizi hajapewa idhini kwa jina lake, unachonunua ni kesi. Uliza pia kama nyumba ni wakfu. Iliyowekwa wakfu haiuzwi kama mali ya mtu, na Tume ya Wakfu, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa, ndiyo ya kuulizwa.

Liko na jambo la tatu, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Baadhi ya nyumba hizi zilikuwa za serikali, makazi ya watumishi wake, na katika miaka ya nyuma ardhi nyingi ya umma nchini iligawiwa watu kinyume cha sheria. Tume ya Ndung'u iliyaandika hayo mwaka 2004. Hati inaweza kuwa safi leo na mzizi wake umeoza. Mwambie wakili afuate jina baada ya jina mpaka mwanzo.

Kwa fleti mambo yamekuwa mepesi kidogo tangu Sheria ya 2020 ya mali za sehemu: unapaswa kupata hati ya fleti yako mwenyewe, si karatasi ya hisa katika kampuni ya jengo. Muuzaji akisema "hati iko njiani", na wewe mwambie pesa ziko njiani.

Tenga pia asilimia 4 ya thamani kwa ushuru wa stempu. Watu huusahau, kisha wanakuja kukopa.

Maji yapo?

Yapo siku yakiwapo.

Kisiwa hiki maji yake matamu yanatoka mbali. Yako ya Mzima, kule Tsavo, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200. Yako ya Baricho, kando ya Mto Sabaki. Ya Marere katika Milima ya Shimba. Na ya visima vya Tiwi. Njia ni ndefu, wanywaji njiani ni wengi, na sisi tuko mwisho wa bomba. Mfereji huja kwa mgao, na mgao wenyewe hauna adabu: unaweza kufunguliwa saa nane za usiku ukafungwa kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo nyumba inayojiweza ina tangi chini ya ardhi, pampu, na tangi jingine juu ya paa. Maji ya mfereji huingia la chini yenyewe usiku mmelala, asubuhi unawasha pampu. Wengi wetu tuna kisima pia, lakini maji ya kisima kisiwani ni ya chumvi. Yanafaa choo na kudeki, sabuni haitoi povu, na ukiyamwagia mwasumini kila siku utaukausha. Ndiyo maana bibi wa nyumba wa huku ana maji ya aina tatu kichwani mwake: ya kunywa, ya kupikia na kuogea, ya kisima. Mgeni akichanganya, utasikia sauti kutoka jikoni.

Yakikatika siku nyingi, nyumba kubwa huita boza, lori la maji, fleti ndogo humwita kijana wa mkokoteni na vibuyu vyake vya lita 20. Unapotazama fleti usianze na marumaru wala jiko. Uliza tangi la chini lina lita ngapi, fleti ngapi zinachangia tangi hilo, boza likija nani analipa. Mimi nimewahi kupanga jengo, kabla hatujarudi nyumba ya wazee, ambalo tangi lilikuwa dogo kuliko bwawa la kuogelea. Bwawa lilikuwa limejaa siku zote. Tulikuwa tukichota humo maji ya choo, usiku, kwa zamu, soja akijifanya haoni.

Kuweka maji kuna dhara yake. Mbu wa homa ya dengi huzaa kwenye maji masafi yaliyosimama: tangi lisilofunikwa, ndoo, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Na huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii sana. Mwaka 2013 Mombasa ilipata mlipuko wake, na nyumba yetu tulilala watu watatu kwa wiki moja, viungo vikiuma kama vimepigwa mchi. Tangu hapo matangi yetu yana mifuniko na nailoni, na kila Ijumaa asubuhi mtu mmoja anazunguka akimwaga visahani.

Joto je?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto na jasho. Masika Aprili na Mei ni mvua. Kusi, katikati ya mwaka, ni raha, utajifunika shuka. Chini ya miti na kwenye nyumba yenye baraza, feni yatosha miezi mingi. Ghorofa ya tano iliyotazamana na ghorofa nyingine ya tano, hesabu bili ya stima.

Usalama ukoje?

Afadhali kuliko mitaa mingi ya kisiwa, na bado usijisahau. Ikulu iko hapa, mahakama ziko karibu, askari hawakosekani. Mchana watu hutembea, asubuhi utawakuta wazee na wake zao wakinyoosha miguu Mama Ngina. Usiku ndipo uzuri wa mtaa unapogeuka: barabara ni pana, nyua ni kubwa, miti imefunika taa za barabarani pale taa zilipo, na kati ya geti moja na jingine hakuna mtu. Mji wa Kale saa nne za usiku kuna wazee barazani na kahawa, ukipiga kelele watokea ishirini. Huku ukipiga kelele wanabweka mbwa. Baada ya isha mimi hupanda tuktuk hata kama ni barabara mbili tu, na simu huiweka ndani ya buibui.

Lipa soja wako vizuri na kwa wakati. Na akiwa mtu mzima mwite mzee, si "soja" mbele yake.

Nasikia mwisho wa wiki kuna fujo Lighthouse. Kweli?

Fujo ni neno kubwa. Ni watu. Kuanzia alasiri magari hujipanga yakitazama bahari, na Jumapili na siku za Idd hupati hata pa kupitisha mkono. Kuna mihogo ya kukaanga inayotiwa ndimu na pilipili ukiwa umekaa garini, madafu, mabuyu mekundu ya kupaka midomo rangi, maembe mabichi na chumvi. Ufuo ulitengenezwa upya mwaka 2019, na sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyiwa hapo Oktoba 20 mwaka huo huo. Tangu hapo watu wameongezeka.

Wako majirani wanaolalamika juu ya takataka na muziki wa magari, na takataka kweli zipo. Lakini mimi niliyekulia nyumba isiyo na uwa siwezi kumnung'unikia mtu wa mtaa wa Majengo anayeleta watoto wake wapigwe na upepo. Sisi tuna bustani zetu. Yeye ana pale. Ukitaka utulivu nenda Jumanne baada ya alfajiri, utaipata meli inayoingia Kilindini ikipita karibu mno, unaona mabaharia wameegemea vyuma na unasoma jina la meli bila miwani.

Honi za meli utazizoea. Wageni wangu huruka kitandani usiku wa kwanza. Wa tatu hawasikii.

Nitafikaje kazini bila gari?

Matatu hazipiti ndani ya mtaa. Unatembea hadi Barabara ya Nkrumah au ya Nyerere, au unapanda tuktuk au boda. Kwenda mjini, Mji wa Kale, bandarini, ni karibu. Kwenda Nyali ni kuvuka daraja na foleni yake. Kwenda Likoni kuna feri, mtembea kwa miguu halipi, mwenye gari hulipa na husubiri. Siku hizi wenye magari wanaokwenda Diani wengi huzungukia barabara ya Dongo Kundu. Kituo cha treni ya SGR kiko Miritini na uwanja wa ndege uko bara, kwa hiyo ondoka mapema kuliko unavyodhani, malori ya bandarini hayajui kwamba una tiketi.

Rais akiwa mjini, baadhi ya barabara hufungwa. Hakuna wa kumuuliza. Unazunguka.

Shule na hospitali?

Hapa tumejaliwa kweli. Mombasa Hospital, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1891, Pandya na Aga Khan zote ziko karibu, na Aga Khan Academy ipo hapa Kizingo tangu 2003. Shule ya Serani nayo ipo kwa wasiotaka kuuza shamba kulipia karo.

Sokoni mnakwenda wapi?

Marikiti, mapema, kabla jua halijakaa sawa. Viungo, mboga, nazi, ndizi, vyote huko. Samaki namnunua Mji wa Kale kwa mtu ninayemjua kwa sababu ananijua. Usipojulikana utauziwa changu wa juzi kwa bei ya leo. Ndani ya Kizingo kuna maduka na supamaketi, lakini mbaazi na mahamri ya asubuhi, mkate wa mofa na viazi karai, huvipati kwa kutoka getini na kandambili kama kule kwetu Kibokoni. Hiki ndicho kitu kilichonitia upweke mwaka wa kwanza. Sikukosa watu, nilikosa harufu ya mbaazi za mtu mwingine.

Na wanyama?

Popo na kunguru. Popo hupenda miti ya mikungu: wanakula usiku kucha, wanaangusha kokwa juu ya mabati, na asubuhi gari jeupe lina ramani ya dunia. Usiegeshe chini ya mkungu, hilo tu.

Kunguru ni wale wa asili ya Kihindi, wenye shingo ya kijivu. Hawaogopi mtu. Huiba sabuni. Nimekwisha kupoteza miche mingi ya sabuni kwenye beseni la kufulia, na siku moja fundi wa paa aliniteremshia vipande saba kutoka kwenye mfereji wa bati, vingine vimekaukia alama za midomo.

Naruhusiwa kukata mti ulio uwani kwangu?

Uliza kaunti kwanza, hasa ukiwa mkubwa. Kisha muulize jirani, kwa sababu kivuli chake huenda kinaangukia kwake zaidi ya kwako. Mara nyingi jibu si kukata bali kupogoa, na kupogoa hufanywa Machi, kabla ya masika.

Hilo tulijifunza kwa gharama. Tulikuwa na mwarobaini uliozidi urefu wa nyumba. Bamkwe hakutaka uguswe. Mei moja mvua ikanyesha siku tatu, udongo ukalainika, upepo ukaja usiku, na mti ukalala juu ya ukuta wa jirani na juu ya banda lake la kuku. Asubuhi tulisimama pande mbili za shimo, sisi na kanzu za kulalia, yeye na jogoo aliyebaki. Alisema ukuta ni wetu kuujenga. Sisi tukasema mti ameuangusha Mungu. Hatukusemezana mpaka Ramadhani, ilipobidi imamu atukalishe kikao. Tuliujenga ukuta nusu kwa nusu, kuku tukawalipa wote. Leo ukuta huo una rangi mbili, kwa sababu kila mmoja alipaka wake.

Mbuyu ni habari nyingine. Hata ukipata kibali, jaribu kumpata kijana wa kuushikia shoka. Wa kwanza atakwambia mgongo unauma, wa pili atauliza kama umeshawasomea waliomo ndani.

Nyumba yenu mnauza?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, mara nyingine na watu waliokwisha kuhesabu ghorofa ngapi zitaingia. Nyumba ni ya urathi. Wenye kutia sahihi ni kumi na mmoja, na mmoja wao, shemeji yangu wa Jeddah, hapokei simu.